Siku Niliyokuta Matanga Yangu

Mtu wa kwanza niliyemtambua uani kwangu siku ile alikuwa Deogratius, mwanamume mzima wa miaka hamsini na mitano, amejifunga kanga yangu ya kijani kifuani na anachechemea mguu wa kushoto.

Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye bodaboda, adhuhuri imepita kidogo, nikitoka Korogwe na koti zito la sufu nimelikumbatia. Tangu barabarani nilikuwa nimeliona turubai la bluu limetandwa mbele ya nyumba yangu, na moshi wa kuni nyingi, na wanawake wamekaa kwenye majamvi wamenyoosha miguu. Mtu wa huku kwetu akiona hivyo haulizi. Yule kijana wa bodaboda akaniambia, "Pole bibi," akageuza pikipiki akaondoka hata nauli hakungoja. Nilisimama pale ukingoni mwa barabara, moyoni nina neno moja tu: Rehani.

Rehani ni kaka yangu. Nilimwacha jana yake asubuhi amekaa kibarazani, macho yake yamebaki na mwanga kidogo tu wa kumwonyesha mlango uko wapi. Nilimwacha mzima, anabishana na redio. Na mwezi mzima uliotangulia nilikuwa nimejiuliza kila siku, nikiondoka, nani atakuja kuniambia amekufa. Sasa niliona Mungu amenijibu mapema.

Lakini Deogratius na kanga yangu vilikuwa vinafanya nini? Hapo akili ilikataa. Ngoja nieleze kidogo, maana ukiisikia habari hii kwa haraka utadhani watu wa Handeni wote ni wendawazimu.

Sisi ni Wazigua, ila Wazigua tuliozaliwa mbali. Babu za babu zetu walitolewa nchi hii wakati wa njaa kuu, wakapelekwa Somalia kwa ahadi ya kazi, na kazi yenyewe ikawa utumwa. Waliotoroka waliingia msituni kando ya mto Juba, wakalima, wakazaa, wakaendelea kusema Kizigua mpaka kikatufikia sisi. Mimi na Rehani tulizaliwa huko. Vita vilipotufikia tulikimbia na mume wangu Isihaka na mwanangu Mustafa, wa miaka saba. Mama yetu alikuwa mgonjwa wa kulala. Tulimwacha kwa jirani, tukamwambia tunarudi. Alikufa wiki hiyo hiyo, tukaja kusikia mwaka wa pili. Alizikwa wapi, au kama alizikwa, hakuna aliyetuambia mpaka leo.

Huku Handeni tulipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Tulipewa mashamba, baadaye tukapewa na uraia. Watu walicheka Kizigua chetu kwa sababu kina maneno ambayo kwao yalibaki kwa mabibi waliokwisha kufa, lakini walicheka kwa pembeni, kwa adabu. Cheti changu cha uraia nilikipokea kwa mikono miwili, nikaenda nacho nyumbani, nikakitia kwenye begi.

Begi hilo ndilo ugonjwa wangu. Lilikaa nyuma ya mlango tangu siku ya kwanza: nguo mbili, kisu, kiberiti, tasbihi ya mama, karatasi zote. Usiku au mchana, likitokea la kutokea, mkono wangu ulijua pa kulipata. Rehani alikuwa akiniambia, "Hafsa, likung'ute begi hilo, panya watazalia humo." Nami namjibu, "Kaka, sisi hapa wapita njia." Na mimi nina mdomo, sikatai. Neno hilo nililisema shughulini, nililisema sokoni, nililisema kisimani. Kila kiangazi visima vilipokauka, wenzangu wamekaa na ndoo zao wanasubiri maji, mimi nasema, "Kwetu mto haukauki." Miaka thelathini nilisema hivyo.

Mustafa alipokuwa kijana alivuka kwenda Kenya, na huko akapata njia ya Amerika. Ana mke, ana watoto watatu ambao nimewaona kwenye simu tu, meno yao nayajua lakini harufu yao siijui. Mwaka jana akafanikisha karatasi zangu. Mama njoo upumzike, alisema, umelima vya kutosha. Karatasi ziliniruhusu mimi mama mzazi, mjomba hapana. Basi mwanangu wa pekee alikuwa upande mmoja na kaka yangu wa pekee upande wa pili, na mimi katikati nina viza ndani ya pasipoti na tarehe ya ndege. Nilimwuliza Rehani nifanye nini. Akasema, "Nenda." Neno moja, kisha akaongeza sauti ya redio. Liliniuma kuliko kama angenikataza.

Nikaanza kujiandaa kwa namna tuliyofunzwa na mbio za vita: usichoweza kubeba, gawa. Sufuria kubwa nilimpa Chausiku, jirani yangu wa ubavuni, Mzigua wa hapa hapa. Kinu na mchi nikapeleka nyumba ya pili. Kanga zangu nikazigawa kwa akina mama, moja moja. Jembe nilimpa Deogratius.

Huyu Deogratius ni Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kukata mkonge Korogwe, akafia hapo, na mtoto akaja Handeni kulima. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara ya pembe, na utani wao ulikuwa unanichosha kuutazama. Anaingia jikoni kwa Chausiku bila hodi, anafunua sufuria, anasema Wazigua bwana, mbaazi tena. Anakamata kuku wake mchana kweupe, anaondoka naye, na Chausiku anamfuata na mwiko anamtukana mpaka ukoo. Kwenye misiba ndiyo usiseme. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anadai marehemu alikuwa mtumwa wake na hakumaliza kazi, na waliofiwa wanacheka huku wanalia. Lakini kwangu mimi, abadan. Kwangu alikuwa anapiga hodi mara tatu. "Shikamoo mama Mustafa." Nilikuwa najisifu kwa hilo. Nilisema moyoni, mimi wananiheshimu.

Nilipompa jembe aliligeuza akalitazama. Akaniuliza, "Mama, unagawa kwa mkono wako mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Na kanga pia?"

"Na kanga."

"Haya," akasema, akaliweka begani akaenda zake. Chausiku naye alikuwa ameipokea sufuria bila neno, na huyo ni mtu asiyekosa neno. Nilidhani ni huzuni ya kuagana.

Nikaenda Korogwe kutafuta koti. Huku bondeni hakuna anayeuza koti la baridi, lakini pale sokoni kuna mama mmoja wa Dindira, anaitwa Hosiana, anauza makoti ya mitumba kwa watu wa milimani. Alikuwa nalo zito moja ameliacha nyumbani, akaniambia nisubiri kesho aliteremshe. Nikalala Old Korogwe kwa mama mmoja tuliyekimbia naye zamani. Asubuhi Hosiana akaja nalo. "Bibi," akasema, "hili hata Dindira mwezi wa saba hakuna wa kulivaa." Nikamwambia ninakokwenda. Akalikunja vizuri, akanifungia kwa kamba. Kwa hiyo nilikuwa nje usiku mmoja tu. Usiku mmoja ulitosha wao kuniua.

Sasa turudi pale ukingoni mwa barabara. Nilijikokota hadi uani, na nilipoingia chini ya turubai watu walininyamazia. Wanaume upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto, sufuria yangu kubwa jikoni inachemka wali. Nikamwona Rehani. Yu hai, amekaa kwenye kiti cha wafiwa, kofia kichwani, watu wanapita mbele yake mmoja mmoja wanampa mkono wa pole. Nikamwendea nikamshika bega.

"Kaka, nani amekufa?"

Alinigeuzia macho yake yale yenye ukungu. Hakutabasamu. "Dada yangu," akasema. "Hafsa. Wewe ni nani, mama?"

Sijui kama umewahi kuitwa mama na mtu aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo. Koti likaniponyoka. Chausiku ndiye aliyenishika mkono akanivuta pembeni, na aliponiambia alikuwa ananong'ona kama mtu aliye msibani kweli.

"Dada, nguo za mtu hapa hazigawiwi ila akishakufa. Sufuria haigawiwi, jembe haligawiwi. Ulipita nyumba kwa nyumba unatupa urithi wako. Ulitaka tufikirie nini?"

"Nilikuwa nasafiri, Chausiku."

"Msafiri huacha vitu vyake, akirudi avikute."

Kule uani Deogratius alikuwa ameanza tena. Alikuwa anatembea kama mimi. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika mwaka tuliokimbia, ukaungana vibaya, na sikuwahi kujua unachora duara dogo kabla ya kutua mpaka nilipouona kwa Deogratius. Alionja wali kwa kidole cha mwisho, kama mimi. Akaweka mkono kiunoni, akatazama mbingu ya kiangazi, akasema kwa sauti yangu, kwa Kizigua changu cha Juba, kwamba kwao mto haukauki. Watu walianguka kwa kicheko. "Mimi hapa mpita njia," akasema, na nusu ya wanawake wakalimalizia neno hilo pamoja naye, kumbe wanalijua kama wimbo.

Kisha akaingia ndani ya nyumba yangu akatoka na begi.

Hakuna mtu aliyewahi kuligusa begi lile. Alilitia kichwani, akaizunguka nyumba mbio, kanga inapepea, mguu unachora duara. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili walicheka kidogo. Mara ya tatu alifika kwenye mlango akasimama, akatazama upande wa barabara ya Korogwe, akatazama upande wa shamba, begi kichwani, hajui aende wapi. Akabaki hivyo. Uwanja wote ukanyamaza, na mimi nilijiona.

Hapo likanijia jambo lingine. Isihaka wangu alipokufa, miaka tisa iliyopita, Deogratius alikuja. Alichimba kaburi, akanawa mikono, akakaa mwisho kabisa wa jamvi na watani wenzake, kimya. Hakuna aliyevaa kanzu ya Isihaka. Hakuna aliyeiga kikohozi chake, na Isihaka alikuwa na kikohozi cha kuigwa. Nilishukuru sana siku ile, nikasema watu hawa wana adabu.

"Chausiku," nikasema, "kwa nini kwa Isihaka hawakufanya hivi?"

Nikamkazia macho. "Mgeni hataniwi, dada," akasema mwishowe. "Ninyi wenyewe mlisema mnapita."

Mume wangu alizikwa kama mgeni, kwa heshima zote, na miaka tisa sikujua. Lilinipiga hilo kuliko matanga yenyewe.

Rehani alisimama, akaomba mkono. Nikampa. Alinipeleka yeye mwenyewe, kipofu anamwongoza mwenye macho, hadi pembeni mwa shamba, kwenye kaburi la Isihaka. Ubavuni mwake kulikuwa na shimo jipya, udongo mwekundu bado una unyevu, na jembe langu limesimikwa juu ya kifusi. Kando ya shimo kulikuwa na mgomba uliokatwa, urefu wangu, umeviringishwa kama maiti kwenye kanga yangu nyingine na kufungwa kwa kamba mara tatu. Watu walitufuata wakasimama nyuma.

"Huu si utani," Rehani akasema kwa sauti ya chini, kwa sikio langu tu. "Wao wanatania. Mimi niliwaomba. Hafsa, mama tulimwacha bila kumzika, na hilo sijalala nalo vizuri hata siku moja. Wewe ukifia huko wataniambia kwenye simu. Sikukatazi kwenda, nenda kwa mwanao. Lakini acha nikuzike kwanza, nikiwa bado naona shimo."

Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Nilitazama ule mgomba na kamba zake tatu, nikajua kwamba nikikaa kimya watauteremsha, na nitapanda ndege nikiwa nimekwisha kuzikwa.

Hapo ndipo Deogratius alipojitupa juu ya kifusi. Alilia kilio kikubwa, kilio cha mwanamke, anapiga udongo kwa viganja. "Mtumwa wangu," alilia, "mtumwa wangu ametoroka, hata shamba langu hajamaliza, nani sasa atanitekea maji."

Neno hilo la mtumwa, sisi wa Juba, kule Somalia tulitemewa. Tulitemewa sokoni, tulitemewa shuleni, mama yangu alitemewa akiwa na mimba yangu. Nchi hii nzima hakuna aliyewahi kutuita hivyo sisi, na tulijua wanalichunga. Sasa lilikuwa limetoka, mbele ya kijiji, juu ya kaburi langu. Damu ilinipanda kichwani. Sikuwa natania, naapa sikuwa natania, nilikuwa na hasira ya miaka yote hiyo kwa pamoja. Niliruka lile shimo kwa mguu wangu mbovu nikamkamata Deogratius shingoni.

"Mtumwa ni wewe," nikamwambia. "Mtumwa ni baba yako aliyeletwa hapa kukata mkonge kwa kamba kiunoni. Vua kanga yangu, Mnyamwezi mwizi. Na jembe langu ulirudishe, na maji uniteke wewe."

Nikaivuta kanga. Akabaki na kaptura. Nikaivua na ile ya mgomba, kamba nikazikata kwa meno.

Wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele makaburini, fikiria. Chausiku alikuwa anaruka kama msichana. Deogratius akiwa amekaa chini na kaptura yake alinitazama, uso umejaa udongo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuniambia shikamoo. "Kumbe anajua kujibu," akasema. "Miaka yote hii nasubiri huyu mwanamke anijibu." Nami nimesimama na kanga mbili mkononi, hasira bado inanichemka, sielewi kwa nini kila mtu anafurahi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nimesema maneno yale yale ambayo Chausiku anayasema kila wiki akiwa na mwiko.

Rehani hakuwa ameona vizuri, alikuwa amesikia tu. "Hafsa," akauliza, "tuzike au tusizike?"

"Zikeni mgomba wenu," nikasema. "Mimi nina njaa."

Nikarudi uani, nikaketi kwenye jamvi pamoja na wanawake, nikala wali wa matanga yangu mwenyewe, umepikwa kwenye sufuria yangu mwenyewe. Ulikuwa umezidi chumvi na niliwaambia. Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, kwa hiyo mgomba waliuzika kweli, lakini uchi, bila kanga. Shehe wetu alikasirika, akasema hiyo si dini, akaondoka. Aliondoka baada ya kula.

Usidhani nilibadilika siku moja. Begi bado liko nyuma ya mlango; nimetoa kisu na kiberiti tu, nilivihitaji jikoni. Koti la Hosiana analilalia Rehani, maana mzee siku hizi hata joto analiita baridi. Macho yamefunga kabisa. Tarehe ya ndege ilipofika nilishinda shambani ili nisitazame juu.

Mustafa nilimpigia siku ya tatu baada ya matanga. Nilimweleza yote, jembe, mgomba, begi, na lile neno, nikamwambia siji. Nilitegemea atagomba, na haki ya kugomba alikuwa nayo, kwa alivyohangaikia zile karatasi. Hakugomba. Nikawa nasikia watoto wake nyuma wanasema Kiingereza chao. Nilitaka kumwambia kwamba nawalilia, nikamwambia.

"Mama," akasema, "na mimi nikifa huku, nani atavaa nguo zangu?"

Njiani Deogratius alikuwa anapita na jembe langu begani, jembe ambalo hajarudisha mpaka leo, akapaza sauti kuuliza kama mtumwa wake ameamka au bado yuko kuzimu.

"Nani huyo?" Mustafa akauliza.

"Mtani wetu."

Nilimsikia mwanangu anavuta pumzi, huko mbali aliko. "Mpe simu," akasema. "Mwambie mimi ni Mzigua. Mwambie anitukane."

Nikatoka nje na simu mkononi, nikamwita Deogratius.